Kundi la Wachezaji wa Kirusi Lisilocheza Kwao

Wazee wetu walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Mtu akicheza ngoma nyumbani kwao, jamaa na jirani hawakosi kumtunza, hata kama hakucheza vizuri sana, kwa kuwa ni mtoto wao. Bali achezaye ugenini hana wa kumtetea ila ustadi wake mwenyewe. Leo twataka kuwasimulia ninyi mnaotusikiliza, na ninyi mtakaosoma maneno haya kitabuni, habari za kundi la wachezaji wa Kirusi lililodumu miaka ishirini, tangu mwaka wa 1909 hata mwaka wa 1929. Kundi hilo lilicheza Paris, London, Roma, Madrid, New York, Buenos Aires na miji mingine mingi. Lakini katika nchi ya Urusi iliyolizaa halikucheza hata usiku mmoja. Tutaona lilipata nini kwa kucheza ugenini, na lilipoteza nini.

Mchezo wenyewe huitwa baleti. Si ngoma ya uwanjani, ambayo mtazamaji akichangamka aweza kuingia naye akacheza. Baleti huchezwa jukwaani, watazamaji wamekaa kimya, na ndani yake mna hadithi isiyosemwa hata kwa neno moja. Miguu na mikono na muziki ndiyo isemayo. Mwanamke husimama juu ya ncha za vidole vya miguu, mwanamume huruka juu kana kwamba hana uzito, na kila hatua ina jina lake na sheria yake.

Asili ya mchezo huu si Urusi. Ulianza katika majumba ya wakuu wa Italia na ya wafalme wa Ufaransa. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyekuwa mchezaji yeye mwenyewe, alianzisha chuo cha kucheza katika mwaka wa 1661. Katika mwaka wa 1738 Mfaransa mmoja, Jean-Baptiste Landé, alifungua shule ya kucheza katika mji wa St Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi siku hizo. Tena katika mwaka wa 1847 alifika huko Mfaransa mwingine, Marius Petipa, mzaliwa wa Marseille, asirudi kwao kukaa tena. Akatunga michezo mingi sana, na mmoja ulio mashuhuri ni ule wa mwaka wa 1890, wenye muziki wa Tchaikovsky, unaosimulia habari za binti mfalme aliyelala usingizi wa miaka mia. Hivyo baleti ilifika Urusi kama mgeni, ikapewa nyumba, ikanenepa. Na huko Ufaransa ilikotoka ilidhoofika, hata watu wa Paris wakazoea kuona wanawake wakivaa mavazi ya kiume na kucheza mahali pa wanaume.

Katika Urusi watoto wa miaka kama kumi walichaguliwa, wakaingizwa katika shule ya Kaisari, wakalishwa na kuvishwa kwa fedha ya serikali, wakafunzwa kila siku kwa miaka mingi. Ufundi huu haukuandikwa sana vitabuni. Mwalimu huinua mguu, na mwanafunzi huinua wa kwake. Mwalimu humwambia, si hivyo, na mwanafunzi hurudia, hata mwili wenyewe ukakumbuka. Jambo hili tulishike vema, maana ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho wa habari yetu.

Basi, mtu aliyelikusanya kundi lile hakuwa mchezaji. Jina lake Sergei Diaghilev, naye alizaliwa katika mwaka wa 1872. Alikwenda St Petersburg kusoma sheria, lakini moyo wake ulikuwa katika muziki. Alipompelekea fundi mkubwa wa muziki, Rimsky-Korsakov, nyimbo alizotunga, aliambiwa kwamba hana kipaji cha kazi hiyo. Mwingine angalikata tamaa. Watu wa namna yake tunao hata vijijini kwetu: hajui kupiga ngoma, wala si mwimbaji, wala hachezi, lakini pasipo yeye ngoma haikusanyiki. Yeye ndiye ajuaye nani apige, nani aimbe, na fedha ya karamu itoke wapi.

Diaghilev alitaka watu wa Ulaya wajue kwamba Urusi ina sanaa yake. Katika mwaka wa 1906 alipeleka Paris picha za wachoraji wa Kirusi. Mwaka wa 1907 akapeleka muziki. Mwaka wa 1908 mchezo wa kuimba. Mwaka wa 1909 akapeleka wachezaji. Msaada alioutegemea kutoka serikali ya Kaisari ulikatwa kabla ya safari, akalazimika kutafuta fedha kwa matajiri wa Paris. Wachezaji aliwapata kwa kuwa walikuwa katika likizo yao ya kiangazi. Walikuwa bado watumishi wa Kaisari, na likizo ikiisha walipaswa kurudi kazini.

Pazia lilifunguliwa Paris tarehe 19 Mei, 1909. Watazamaji waliona jambo wasilolitazamia. Waliona wanaume wakiruka na kupiga miguu kama askari wapanda farasi, nguvu tupu. Walimwona Vaslav Nijinsky, kijana aliyezaliwa Kiev kwa wazazi wa Kipoland waliokuwa wachezaji. Nao walisema kwamba akiruka hukaa hewani kabla ya kushuka. Walimwona Tamara Karsavina, na Anna Pavlova, ambaye baadaye alianzisha kundi lake mwenyewe akazunguka nalo dunia. Hatua za michezo zilitungwa na Michel Fokine, na mavazi na mapazia yalichorwa na mafundi wa picha, Alexandre Benois na Léon Bakst. Hapo ndipo ilipokuwa akili ya Diaghilev: hakukubali mchezo uwe mzuri na mavazi yawe ya ovyo, au muziki uwe mzuri na mapazia yawe mabovu. Alitaka mafundi wote wakae meza moja, wapange kazi moja.

Sifa zilikuwa nyingi, na deni likawa kubwa. Msimu ulipokwisha fedha iliyoingia haikutosha, na mapambo ya jukwaa yakazuiliwa na mwenye kumdai. Tangu siku ile mpaka kufa kwake Diaghilev hakuachana na madeni. Alikopa huku akalipa kule, naye akilala katika hoteli nzuri, kwa sababu alijua kwamba tajiri hamkopeshi mtu mwenye sura ya njaa.

Mwaka wa 1910 walirudi Paris na michezo miwili ya kukumbukwa. Mmoja ulitoka katika ngano za Kirusi za ndege wa moto, na muziki wake ulitungwa na Igor Stravinsky, kijana wa miaka 28 asiyejulikana bado. Wa pili ulitoka katika hadithi za Alfu Lela Ulela, ambazo wengi wetu tumezisoma kwa Kiswahili. Bakst alijaza jukwaa rangi za samawati, kijani na nyekundu, na muda si muda mabibi wa Paris wakaanza kuvaa vilemba na suruali pana. Sisi wa pwani ambao hadithi hizo tunazijua tungaliona kwamba Mashariki ile ilikuwa ya ndoto za Ulaya zaidi kuliko ya watu wenyewe. Lakini Bakst alikuwa fundi wa rangi, na hilo hatumnyimi.

Mwaka wa 1911 ndio uliolikata kundi na nyumbani. Nijinsky alicheza St Petersburg mbele ya jamaa ya Kaisari, amevaa vazi ambalo wakuu walisema halina heshima, akafukuzwa kazi. Diaghilev akamchukua, akaunda kundi la kudumu, si la likizo tena, na makao yake ya majira ya baridi yakawa Monte Carlo. Mwaka huohuo walicheza London, katika siku za kutawazwa Mfalme George wa Tano.

Hata hivyo Diaghilev alitamani kuonekana kwao. Alipanga kundi lake licheze St Petersburg mwanzoni mwa mwaka wa 1912, nyumba ya michezo ikapatikana, mipango ikawa tayari. Kabla siku hazijatimia nyumba ile ikateketea kwa moto. Wakaenda mahali pengine, wakidhani kwamba nafasi nyingine itapatikana. Haikupatikana.

Tarehe 29 Mei, 1913, walicheza Paris mchezo mpya wa Stravinsky, na hatua zake zilitungwa na Nijinsky. Ulieleza mila za Warusi wa zamani sana, kabla ya dini ya Kikristo: kijiji chakusanyika majira ya kuchipua kwa majani, na msichana mmoja achaguliwa acheze mpaka afe, ili ardhi ipate kuzaa. Muziki uligonga kwa mapigo ya kuvunjika-vunjika, na wachezaji waliinama na kukanyaga ardhi kwa uzito, miguu imeelekea ndani, kinyume cha sheria zote za baleti. Watazamaji wakaanza kucheka, wakapiga mbinja, wengine wakawajibu kwa matusi, mpaka wachezaji hawakusikia tena muziki. Nijinsky alisimama juu ya kiti kando ya jukwaa, akiwapigia kelele za hesabu ili wasipotee. Mwenye kuongoza wapiga muziki, Pierre Monteux, hakugeuka nyuma. Aliendelea mpaka mwisho. Usiku ule watu wa mjini walikataa mchezo, na leo muziki ule wahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za karne ya 20.

Lakini hatua za Nijinsky zilipatwa na nini? Zilichezwa mara chache, kisha zikaachwa. Kundi lilipotaka kuurudia mchezo huo katika mwaka wa 1920, hapakuwa na mtu aliyeweza kuzikumbuka zote, ikabidi fundi mwingine, Léonide Massine, atunge hatua mpya juu ya muziki uleule. Muziki ulikuwa umeandikwa, ukaishi. Hatua zilikuwa katika miili tu, na miili ilipotawanyika zikapotea.

Katika mwaka wa 1913 pia kundi lilivuka bahari kwenda Amerika ya Kusini. Diaghilev hakwenda. Alikuwa ametabiriwa kwamba atakufa juu ya maji, akaogopa meli. Huko Buenos Aires Nijinsky akamwoa bibi mmoja wa Kihungari, Romola de Pulszky, na Diaghilev alipopata habari akamwachisha kazi kwa hasira. Kundi likapoteza mchezaji wake mkuu kwa sababu ya ugomvi wa watu wawili.

Mwaka wa 1914 vita kuu vikaanza, na mipaka ikafungwa. Wachezaji wengine walikuwa Urusi, wengine Ulaya ya magharibi, na Nijinsky alikuwa Budapest, akazuiliwa kama raia wa adui. Katika mwaka wa 1916 Diaghilev alishinda hofu yake, akapanda meli kwenda New York, na kundi likazunguka miji ya Marekani kwa gari la moshi. Nijinsky naye alifunguliwa, akaungana nao. Akacheza nao tena hata mwaka wa 1917, lakini akili yake ilikuwa imeanza kuchoka. Tangu mwaka wa 1919 ugonjwa wa akili ulimshika kabisa, akaishi nao zaidi ya miaka thelathini, mpaka alipofariki London katika mwaka wa 1950.

Katika mwaka huo wa 1917 Kaisari wa Urusi aliondolewa katika ufalme, kisha wakaja Wabolsheviki. Shule iliyowalea wachezaji ilikuwa mbali, mishahara ya zamani haikuwapo, na waliokuwa nje hawakujua kama watarudi. Mwaka wa 1918 kundi lilikwama Hispania bila kazi. Mmoja wa wachezaji, Lydia Sokolova, alikuwa na mtoto mchanga mgonjwa, wala hakuwa na fedha ya mganga. Yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba Diaghilev alitoa mfuko mdogo, akaumimina, zikatoka sarafu za shaba na za fedha za nchi mbalimbali, masalio ya safari zake, akampa zote. Mtu huyu aliyekula pamoja na wafalme, siku ile akiba yake yote ilikuwa imo katika mfuko ule.

Mfalme Alfonso wa Hispania aliwasaidia kupata ruhusa ya kupita Ufaransa wakati wa vita, wakafika London. Huko walicheza katika nyumba ya burudani, usiku mmoja pamoja na warusha mipira na wacheza sarakasi. Diaghilev aliona uchungu, lakini watu wa kawaida wa London, wasioweza kulipa kiingilio cha matajiri, wakapata kuona baleti, wakaipenda. Hasara ya mwenye kundi ikawa faida ya mji.

Sasa wasikilizaji wetu watauliza: ikiwa Urusi imefungwa, wachezaji wapya walitoka wapi? Walitoka kila mahali, nao wakapewa majina ya Kirusi. Yule Lydia Sokolova tuliyemtaja alikuwa Mwingereza, na jina lake la kuzaliwa ni Hilda Munnings. Lilian Alicia Marks aliitwa Alicia Markova, na Patrick Healey-Kay aliitwa Anton Dolin. Kundi likaendelea kuitwa la Kirusi, huku damu ya Kirusi ikipungua. Lakini mazoezi ya kila asubuhi yalikuwa yaleyale ya shule ya Kaisari, chini ya mwalimu wa Kiitalia, Enrico Cecchetti, aliyekuwa amefundisha St Petersburg.

Mwaka wa 1921 Diaghilev alifanya jambo kubwa kupita uwezo wake. Aliamua kuwaonyesha watu wa London mchezo ule wa Petipa wa binti mfalme aliyelala, mzima, pamoja na mavazi ya fahari yaliyochorwa na Bakst. Hatua zake alizipata kwa Nikolai Sergeyev, aliyekuwa msimamizi katika nyumba ya michezo ya Kaisari, ambaye alipoiacha Urusi alichukua madaftari yenye hatua za michezo mingi zimeandikwa kwa alama. Pazia lilifunguliwa tarehe 2 Novemba, 1921. Diaghilev alitumaini kwamba mchezo utajaza nyumba kwa miezi mingi, lakini baada ya miezi kama mitatu watazamaji walipungua, nyumba ikafunga, na mavazi na mapazia yakashikwa kwa deni. Akaondoka London mikono mitupu.

Kundi lilijikusanya tena Monte Carlo, likaishi miaka saba zaidi. Picasso na Matisse walilichorea mapazia. Kijana George Balanchine, aliyetoka Urusi katika mwaka wa 1924 asirudi, akawa mtunzi wake wa mwisho. Tarehe 21 Mei, 1929, walionyesha Paris mchezo wa Balanchine wenye muziki wa Prokofiev, uliosimulia mfano wa Mwana Mpotevu: kijana aondoka kwa baba yake, atapanya mali yake mbali, kisha arudi akitambaa, na baba ampokea. Sisi twafikiri kwamba Warusi waliokuwa wakiucheza, na mlango wa kwao umefungwa, hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Miezi mitatu baadaye, tarehe 19 Agosti, 1929, Diaghilev alifariki kwa ugonjwa wa kisukari katika Venice, mji uliojengwa juu ya maji. Marafiki wawili, Misia Sert na Coco Chanel, walilipa gharama za maziko, akazikwa katika kisiwa cha San Michele. Wachezaji walikuwa likizoni, wametawanyika. Hapakuwa na mrithi, wala nyumba, wala akiba, na kundi likavunjika.

Mtu aweza kusema, basi, kazi ya miaka ishirini imekwisha bure. Lakini tutazame waliotawanyika walifanya nini. Ninette de Valois, mzaliwa wa Ireland aliyecheza na kundi tangu mwaka wa 1923, alifungua shule London, na katika mwaka wa 1931 kundi lake likaanza, ambalo tangu mwaka wa 1956 laitwa Baleti ya Kifalme ya Uingereza. Marie Rambert, aliyemsaidia Nijinsky kuhesabu mapigo katika mwaka wa 1913, naye alianzisha kundi Uingereza. Serge Lifar aliongoza baleti ya Paris. Balanchine alikwenda New York, akafungua shule katika mwaka wa 1934, kisha kundi la mji huo katika mwaka wa 1948. Wengine waliunda makundi mapya yenye jina la Kirusi, na moja likafika Australia tangu mwaka wa 1936, ambako baadhi ya wachezaji walikaa wakafundisha.

Na ule mchezo ulioshindwa London katika mwaka wa 1921? De Valois alimwita Sergeyev na madaftari yake, wakaufufua. Vita vya pili vilipokwisha, nyumba kubwa ya michezo ya Covent Garden, iliyokuwa imegeuzwa ukumbi wa dansi wakati wa vita, ilifunguliwa upya tarehe 20 Februari, 1946, kwa mchezo huohuo, na mwenye kuamka usingizini alikuwa Mwingereza, Margot Fonteyn. Hata hatua za Nijinsky zilizopotea zilitafutwa, na katika mwaka wa 1987 kundi moja la Marekani likazicheza tena, kwa kuunganisha maandishi machache, michoro na kumbukumbu za wazee, yakiwamo maandishi ya Marie Rambert.

Lililobaki ni kurudi nyumbani. Katika mwaka wa 1962 Stravinsky, mzee wa miaka 80, aliiona Urusi baada ya miaka 48, akawaongoza wapiga muziki wa huko. Mwaka huohuo Balanchine alifika Moscow na wachezaji wake wa New York, baada ya miaka 38, akalakiwa na ndugu yake wa tumbo moja. Diaghilev hakuwapo. Lakini watu wa Urusi wakaona jukwaani matunda ya mbegu iliyotoka kwao, imelelewa na wageni, imerudi kwa sura nyingine.

Mcheza kwao hutunzwa. Neno hili ni kweli, wala hatulipingi. Kundi la Diaghilev lilikosa tuzo hiyo, na hasara yake ilikuwa kubwa: madeni, njaa, ugonjwa, na kaburi la ugenini. Lakini kila mahali lilipopita liliacha mtu aliyefunzwa, na huyo akamfunza mwingine. Katika vijiji vyetu mna wazee wanaojua ngoma, nyimbo na ufundi ambao haukuandikwa popote, umo katika mikono na miguu yao tu. Enyi vijana mnaojua kusoma na kuandika, nendeni kwao wangali hai. Wekeni hatua zao katika daftari, na zaidi ya hayo ziwekeni katika miguu yenu wenyewe.